Nililigonga Gari Mara Mbili

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, kisha unisikilize. Haya ninayokueleza sikuyasikia kwa mtu. Yalinipata mimi, hapa Kigali, mtaa wa Kagugu, jua likiwa limewaka. Sikuwa nimelewa, na ningelewa na nini? Ilikuwa asubuhi ya umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo maduka yote hufungwa, magari husimama, na watu wote hutoka na majembe kusafisha mtaa. Tena nilikuwa na mawe mawili mkononi. Mawe hayo ninayo mpaka leo.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikuwa mjinga, ila miguu yangu haikuwa inatulia. Miaka mingi nilikuwa utingo wa malori yanayopanda kutoka Dar kuja Rwanda. Kama huijui kazi ya utingo, ni hii: gari likisimama mlimani unaruka chini na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Likitaka kuondoka unayatoa, unatazama huku na huku, halafu unapiga bodi kwa kiganja. Ukipiga mara mbili, dereva anaondoka. Ukipiga mara moja, anasimama. Mkono wangu ulizoea kazi hiyo mpaka ukawa unaifanya bila kuniuliza. Naomba ulikumbuke hilo.

Nilipochoka na malori nikapata kazi ya kulinda nyumba ambayo haijaisha kujengwa, mali ya bwana mmoja anayeishi ng'ambo. Kuta zilikuwa zimesimama, bati bado. Kwenye kona ya chini ya kiwanja kulikuwa na basi dogo, kosta ya zamani ya rangi ya maziwa, yenye mapazia ya maua madirishani. Bosi aliniambia kwenye simu, "Hilo ni gari la kulala, la wazee wawili wastaafu. Waache, ni watu wangu."

Wazee wawili. Hivyo ndivyo alivyosema.

Jioni ya kwanza nilimkuta bibi mmoja mwembamba ameketi kwenye ngazi ya gari akimenya ndizi. Alivaa sweta la kijani la kiume, mikono ameikunja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ee, umenikumbusha mbali. Hapa watu wanakukumbatia tu, shikamoo hawaijui."

Aliniambia anaitwa Veneranda. Yeye na mumewe, Karoli, walikulia Karagwe, wakarudi Rwanda na watoto wadogo. Yeye alikuwa muuguzi, mume mpima ardhi. Walipostaafu na watoto wakaoa na kuolewa, walipangisha nyumba yao ya Kibagabaga, wakanunua ile kosta, wakang'oa viti, wakaweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Wamefika nayo Mbeya, wamefika Mbarara.

"Mashemeji walisema tumerogwa," alisema. "Eti mtu ana vyumba vinne, anakwenda kulala ndani ya basi kama gunia la viazi."

"Na Mzee yuko wapi?"

"Nimetoka kuteka maji, kurudi sijamkuta. Atakuja."

Asubuhi nikamkuta Mzee Karoli ameketi kwenye ngazi ile ile. Mtu mkubwa, sauti nzito, amevaa sweta lile lile la kijani. Hilo halikunishangaza, maana mtu na mkewe huazimana sweta. Nikamuuliza Bibi yuko wapi.

"Ametangulia," akajibu, akanimiminia chai.

Nikadhani ametangulia kanisani. Wewe ungedhani nini?

Basi nikawa nakaa nao, siku na Mzee, siku na Bibi, kwa sababu mimi nikiona kitu nisichokijua lazima nikiulize mpaka mwisho. Nilidhani kulala garini nakujua. Kumbe utingo analala tu kwenye gari, hawa walikuwa wanaishi. Mzee alinionyesha kwamba Kigali haina tambarare, ni milima mitupu, kwa hiyo ukiegesha unaweka sufuria ya maji mezani. Maji yakiegemea upande mmoja, unapandisha gurudumu la upande huo juu ya ubao. Ukishindwa kulisawazisha kabisa, lala kichwa kikiwa upande wa juu, la sivyo utaamka na kichwa kinachouma na mke aliyenuna. Usiegeshe chini ya mkaratusi, tawi lake huanguka hata pasipo upepo. Tangi la maji usilijaze kabla ya kupanda mlima, lijaze ukishafika. Gesi ifungwe kabla ya injini kuwashwa. Na gari likikaa siku nyingi, chomoa betri. Ya kwao ilikuwa chini kando ya ukuta, imefungwa ndani ya mfuko wa saruji. Mimi nilikuwa naikalia kama kigoda nikinywa chai yao.

Bibi naye alikuwa na yake. Viatu vyote viishie kwenye beseni mlangoni, maana vumbi jekundu likiingia kitandani halitoki tena. Pika na dirisha wazi, hata mvua ikinyesha. "Na mkigombana," alisema, "asiwashe mtu gari mpaka chai inywewe. Nyumba ina chumba cha kwenda kununia. Gari halina."

Lakini sharti lao kubwa lilikuwa moja, na wote wawili walinieleza kwa maneno yanayofanana. Mmoja anashika usukani, mwingine anazunguka nje, anatazama gesi, madirisha, ngazi, mawe, kisha anagonga bodi mara mbili na kupanda. Aliyeshika usukani haondoki bila kusikia kiganja.

"Nyuma sioni," Mzee aliniambia. "Nikisikia kiganja chake naondoka, hata mbele pakiwa ziwa." Halafu akanitazama mikono. "Wewe ulikuwa utingo. Siku moja utanigongea. Mwenzangu ametangulia, ananisubiri huko, na mimi bila mtu wa kugonga siwezi kuondoka."

Nilimwambia Bibi maneno hayo siku iliyofuata, nikicheka. Yeye hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Usimgongee. Umenisikia, mwanangu? Anadhani nimetangulia. Mimi niko hapa hapa. Akiondoka bila mimi tumepotezana, na sijui nitamtafutia wapi."

"Si umwambie mwenyewe, Bibi?"

"Kila nikirudi namkuta ametoka."

Nikampelekea Mzee ujumbe. Alifurahi kama kijana aliyeletewa salamu na mchumba. "Amesema yuko hapa? Mwambie basi apande. Mlango nimeuacha wazi." Nikampelekea Bibi. Akasema, "Mwambie asubiri, nimalize maji." Nikawa tarishi wa watu wawili wanaolala kitanda kimoja. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo labda wewe umeshajiuliza zamani: mbona sijawahi kuwaona pamoja?

Siku moja jioni niliamua kuwakutanisha. Nilipika wali na samaki, nikamwambia Mzee, "Leo sisi wote tunakula pamoja. Mwite na Bibi." Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, kimejaa nusu, kinatoa moshi. Akasimama, akazunguka nyuma ya gari upande wa kushoto akiita, "Vene! Vene!"

Upande wa kulia akatokea Bibi. Amevaa sweta la kijani. Kikombe mkononi, nusu chai, kinatoa moshi.

"Amekwenda wapi?" nikauliza.

"Nani?"

"Mzee. Amepita hapo sasa hivi."

"Ndiyo nakuuliza wewe. Nimemsikia akiniita."

Nilizunguka gari lile mpaka nikahisi kizunguzungu. Nyuma yake kuna ukuta, na juu ya ukuta kuna vipande vya chupa. Hakuna pa kupita mtu. Wali nilikula na Bibi, na niamini, alikula kama mtu yeyote, akatoa mwiba wa samaki kinywani akauweka pembeni ya sahani.

Asubuhi nilikwenda kwa Mama Diane, anayeuza maziwa na chapati karibu na barabara. Faustini, fundi aliyejenga zile kuta zetu, alikuwa hapo anakunywa. Nikauliza juu ya wenye kosta.

"Ule mukecuru, ule bibi?" akasema Faustini. "Maskini. Iko mjane. Mume alikufa, akazikwa, ndiyo mama akaleta gari pale."

"Mukecuru gani?" Mama Diane akamkatiza. "Pale kuna muzehe peke yake. Mke wake ndiye alikufa. Nimekwenda msibani mimi, nimepika."

"Mimi nilibeba jeneza, sha."

"Ulibeba jeneza la nani? Wewe kila msiba unakwenda kwa ajili ya bia."

"Bia ya kweli. Na mtu ndani ya jeneza alikuwa mzito, mwanaume."

"Mzito kwa sababu ulikuwa umelewa."

Wateja wakacheka. Mimi nilikuwa na glasi mkononi, sijui niinywe au niiweke. Nikampigia bosi simu. Akasema aliwaacha wawili wakiwa wazima, lakini ni miaka hajafika nyumbani.

Nilitamani kukimbia. Kwa nini sikukimbia? Kwa sababu nilitaka kujua. Na tena, yeyote kati yao aliyekuwa hai alikuwa ananipa chai, na yeyote aliyekuwa amekufa hakunidhuru. Nilijiambia maadamu sigongi, hakuna kitakachoharibika.

Ikaja Jumamosi ile. Mtaa mzima ulikuwa chini barabarani ukisafisha mfereji, mimi nikabaki na lindo. Kimya cha asubuhi hiyo unakijua kama unakaa Kigali, hata pikipiki husikii. Ndani ya kimya hicho nikasikia injini.

Mzee Karoli alikuwa nyuma ya usukani, amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe.

"Nitolee mawe, kijana wangu."

"Mzee, leo hakuna gari linalotembea. Tena Bibi amenikataza."

"Bibi amepanda. Angalia mwenyewe."

Nikachungulia mlangoni. Ndani ya beseni kulikuwa na jozi mbili za viatu, vyake na vile vya Bibi vya bluu. Pazia la kitandani lilikuwa limefungwa. "Bibi, umo?" nikaita. Nyuma ya pazia mtu akakohoa, kikohozi chepesi cha mwanamke.

Moyo wangu ukatua. Nikafikiri, hatimaye wamekutana, na mimi ndiye niliyewakutanisha. Nilikwenda nyuma nikatoa jiwe la kwanza, nikatoa la pili. Gesi imefungwa. Madirisha yamefungwa. Nikapandisha ngazi. Nilikuwa nataka kwenda kufunua lile pazia nihakikishe, Mungu anajua. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma ya gari linalounguruma, mawe nimeyakumbatia kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukafanya kazi yake. Ta, ta.

Kosta ikapanda ule mteremko taratibu, ikatoka getini.

"Umemgongea?"

Niligeuka. Bibi Veneranda alikuwa amesimama nyuma yangu, dumu la maji limejaa mkononi, miguu mitupu, vidole vimejaa vumbi jekundu. Hakunipigia kelele. Heri angepiga kelele. Aliuliza tena kwa sauti ya muuguzi anayeuliza mgonjwa kama amekunywa dawa.

"Mwanangu, umemgongea?"

Nilikimbia. Nilitaka kulifikia lile gari nilipige bodi mara moja, mara moja tu, lisimame. Nikatoka getini, nikateremka mpaka barabarani, nikawakuta watu na majembe, Faustini yumo, Mama Diane yumo. Nikauliza kosta imeelekea wapi.

"Kosta gani, sha?" akasema Faustini. "Leo gari litapita vipi? Sisi tumesimama hapa tangu asubuhi."

Niliporudi kiwanjani Bibi hakuwepo. Pale kosta iliposimama majani yalikuwa ya njano, yamelala. Dumu la maji lilikuwa chini, limejaa. Na ukutani, ndani ya mfuko wake wa saruji, ilikuwepo betri.

Nieleze wewe uliyesoma. Gari liliwakaje? Na nani alikohoa? Kama aliyekufa ni Mzee, basi nilimtenga mjane na nyumba yake, na yeye akaenda wapi bila viatu? Kama aliyekufa ni Bibi, Mzee ameondoka akiamini yumo, na siku atakapofunua pazia atamkuta nani? Faustini na Mama Diane bado wanabishana. Watoto wa wazee wale wako mbali, namba sina.

Mimi, ambaye sikuwahi kukaa mji mmoja miaka miwili, bado niko Kagugu. Nimejaribu kuondoka. Nakata tiketi stendi ya Nyabugogo, napanda basi la Rusumo, mpakani, nakaa dirishani. Hatujafika Kabeza, mji haujaisha, nasikia kiganja kwenye bodi, chini ya dirisha langu. Mara moja. Dereva anasimama, anauliza nani amegonga, abiria wanatazamana. Nami nashuka na mfuko wangu, narudi. Dumu nalijaza kila likipungua. Betri naifuta vumbi.

Kwa hiyo nakuonya. Usiligonge gari la mtu mpaka uwe umewaona wote wameketi, kwa macho yako. Usiamini viatu, usiamini kikohozi. Na ukikutana na kosta ya rangi ya maziwa yenye mapazia ya maua, iwe Mbeya, iwe Mbarara, iwe wapi, nakuomba uisogelee uipige bodi mara moja. Mara moja tu. Ikisimama, mwambie dereva kwamba Bibi hakupanda. Yuko Kagugu, alikuwa anamalizia maji.