Saa Kumi Kamili, Laini Inakatika

Ofisini walimwita Bi Upo, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kupima intaneti inavyoyumba majanga yanapopiga: mafuriko, dhoruba, matetemeko. Katika nyumba mia mbili kulikuwa na visanduku vidogo, na kila dakika kompyuta yake iliviuliza, "Upo?" Chenye mtandao kilijibu, "Nipo." Kisichojibu kiligeuka doa jekundu kwenye ramani.

Kimoja alikiweka kwa mama yake mzazi, bondeni. Weee, hicho kilimtoa jasho! Kila siku saa kumi alasiri kilikatika dakika nane, iwe mvua iwe jua. Mkuu wao, aliyebandikwa jina la Desimali, hakutaka hata kusikia.

"Kinatuharibia takwimu. Kiondoe!"

"Ni mama, bosi. Soketi iko moja. Anachomoa kisanduku, anachomeka birika la umeme."

"Si umwambie?"

"Mwambie wewe. Mimi nilishajaribu, nikaambiwa mtandao haunyweki."

Basi asubuhi moja dhoruba ikapiga. Bonde likajaa maji, daraja likaenda nayo, minara ya simu ikalala chini. Ramani ikawa nyekundu tupu, isipokuwa vitone vitatu vya kijani. Kimoja kilikuwa cha mama, kilichopata mtandao kwa waya wa ardhini.

Wenzake wakampongeza. Pongezi za nini, jamani? Kisanduku kinasema "Nipo", lakini hakisemi mama yuko wapi. Simu yake ndogo ya vitufe haikupatikana. Bi Upo alipiga mara arobaini.

Kufika saa tisa na nusu hakuweza tena kubandua macho kwenye ramani. Saa kumi kasoro dakika moja: "Nipo." Saa kumi kamili: kimya. Doa jekundu.

Bi Upo akaruka, kiti kikaenda chini. "Anachemsha chai! Mama yangu yupo! Yupo!" Akamkumbatia Desimali, mtu ambaye hajawahi kukumbatiwa kazini, miwani ikamwenda upande. Ofisi nzima ikapiga makofi kwa sababu ya laini iliyokatika. Mpita njia angedhani wamerukwa na akili.

Siku ya tatu simu zikarudi. "Wewe mtoto, mbona hukunitafuta?" mama akafoka.

"Nilikuona, mama. Juzi ulichemsha saa kumi, ukachemsha tena saa kumi na moja."

"Haa! Kumbe unanichungulia? Jirani aliingia amelowa chapachapa, ulitaka nimnyime?"

Wakacheka wote wawili, na Bi Upo akalia kidogo katikati ya kicheko.

Wakati wa kuandika ripoti alifika kwenye safu ya sababu za kukatika. Mafuriko. Nguzo kuanguka. Mafuriko. Kwenye mstari wa mama akaanza kuandika "haijulikani", kama siku zote. Desimali, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akainama, akafuta neno hilo, akaandika kwa kidole kimoja: "Chai."