Pedi Ambazo Sikutaka Zichomwe

Nilipokuwa mtoto kule Sengerema nililelewa na bibi mzaa baba, na mambo ya mwili nilifundishwa naye. Nilipovunja ungo, nikiwa darasa la saba, alichana khanga yake kuukuu vipande sita, akanionyesha namna ya kukunja, kisha akanipa masharti. Nifue nikiwa peke yangu. Nianike mvunguni, mtu asivione. Na nisithubutu kuvichoma moto, hata vikichakaa.

"Ukichoma damu yako umechoma uzazi," alisema. "Shangazi yako Adela huu mwaka wa kumi na nane yuko kwenye ndoa, hana mtoto. Unadhani kwa nini?"

Sikuuliza zaidi. Vitambaa vya mvunguni havikuwahi kukauka sawasawa. Vilinuka uvundo na kunichubua mapaja, nikadhani ndivyo ilivyo kwa kila mwanamke.

Mwaka uliofuata nilivuka ziwa kwa kivuko hadi Kigongo, nikaenda kukaa mjini, Mabatini, kwa shangazi huyo huyo ili nisome kidato cha kwanza. Alikuwa fundi cherehani, mwenye maneno machache. Alinipokea vizuri. Mimi nilimtazama kwa jicho la kumchunguza, kama mtu anayejua siri ya mwenzake.

Siku moja damu ilinikuta darasani. Mwalimu wa kike alinipa pakiti ya pedi na kunielekeza kwenye chumba cha wasichana. Nilishangaa jinsi nilivyoweza kukaa kwenye benchi mpaka jioni bila kuchubuka. Lakini nyuma ya vyoo kulikuwa na tanuru dogo la matofali, na mhudumu alichoma humo kila kilichotupwa kwenye ndoo. Niliutazama ule moshi. Pedi yangu nikaifunga kwa karatasi za daftari, nikarudi nayo nyumbani kwenye begi.

Nilifanya hivyo miezi mitano, kwa pedi nilizopewa shuleni. Zote nilizificha kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya sanduku langu la nguo, maana sikujua pa kuzipeleka.

Harufu ndiyo iliyonifichua. Niliporudi kutoka shule Jumamosi moja, mfuko ulikuwa sakafuni na shangazi amekaa kitandani kwangu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hizi unazitunzia nini?"

Niliweka begi chini. Akauliza tena, bila kupandisha sauti. Nikamwambia yote: moto, uzazi, na mwisho, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia kwamba bibi alisema hata yeye hakuzaa kwa sababu hiyo.

Aliuinua mfuko kutoka sakafuni.

"Mama alisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Mimi sijawahi kuchoma hata uzi," alisema. "Enzi zangu pedi nilikuwa naziona dukani tu. Nilitumia vitambaa, nikafua usiku, nikaanika mvunguni, kama alivyonifundisha yeye mwenyewe. Na mtoto sikupata."

Akatoka na ule mfuko. Nilimfuata uani. Alimwagia mafuta ya taa kidogo, akawasha kiberiti, akasimama akichokoa kwa kijiti mpaka zikawa majivu. Mimi nilishika tumbo. Halikuuma.

Jioni aliniwekea vitu viwili juu ya meza ya cherehani: pakiti ya pedi za dukani na pedi za kufua alizozishona mwenyewe mchana ule, za flana, zenye vifungo.

"Chagua. Hizi utazianika juani, kwenye kamba. Kama hutaki watu waone, chukua za dukani."

Nilichagua za flana, nikazianika uani mchana kweupe. Jirani aliziona, akaendelea kuchambua dagaa wake.

Bibi sasa ni marehemu. Simhesabu kuwa mwongo. Alikuwa na binti asiyezaa na hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini, akajitafutia jibu la kumtuliza. Jibu lile lilimwangukia binti yule yule aliyetii kila sharti.

Kinachonirudia mimi si moto. Ni kwamba kwa miezi mitano nilikula chakula cha shangazi, nikavaa sare aliyonishonea, huku moyoni nikimwona mwenye kosa. Bado anaishi Mabatini, na bado anashona. Nikienda kumsalimu tunaongea mambo mengine, na kumwomba radhi kwa hilo sijawahi.