Kisu kilishanolewa: hadubini yangu ya kioo ilivyomwokoa ng'ombe wa mzee

Habari za mida hii wakuu. Haya yamenitokea mwenyewe, nyumbani Masanze, sijaongeza chumvi. Leo mniache niringe kidogo.

Mimi ni binti wa Kilosa, afisa mifugo. Nilipoajiriwa wenzangu walinunua pikipiki, mimi nikanunua hadubini used. Kaka zangu walinicheka mpaka basi, eti dada mtu mzima ananunua toy.

Basi kiangazi mzee akampeleka ng'ombe wake wa maziwa, Madam (jina ni la maringo yake), kwa baba mdogo Ruhembe akale majani ya miwa.

Akarudi amekonda, homa juu, maziwa yamekata. Mzee akamchoma OTC, ile antibiotiki ya kila mtu huku, akijua ni ndigana, homa ya kupe. Wapi!

Nafika nyumbani na hadubini yangu, Madam kalala chini na mtu wa bucha ananoa kisu. Mzee hakutaka afe kibudu. Jamani, mama yake Madam ndiye aliyenisomesha kwa maziwa yake. Niliumia.

"Shikamoo baba. Nipe nafasi kidogo nimpime."

"Marahaba mama. Ila akianza kukoroma, tunachinja."

Hapa somo kidogo wakuu. Hadubini yangu ni ya mwanga. Kioo cha chini kinarusha mwanga wa jua upite kwenye sampuli, lensi ya kwanza inakuza, ya jichoni inakuza tena. Umeme haitaki.

Kuna stereo, ya kutazama kitu kizima kama kupe au mbung'o. Kuna fluorescence, vimelea vinapakwa rangi maalumu vinang'aa, hospitali wanatafutia TB.

Na kuna baba lao, ya elektroni, hiyo inaona mpaka virusi. Ila sampuli inakaa mahali pasipo na hewa kabisa, kwa hiyo humo huoni kitu kinachotembea.

Na mimi nilitaka kinachotembea!

Nikachukua tone la damu ya sikioni, nikalifunika bila kulikausha. Kucheki, chembe nyekundu zinasukumwa huku na huku, katikati kuna kitu kinajinyonganyonga. Trypanosoma, kimelea cha damu! Ni nagana, ugonjwa wa mbung'o wa kule Ruhembe, upande wa hifadhi ya Mikumi. OTC haiigusi.

Nikamwita mzee achungulie. Akafumba jicho moja, akainamia lensi.

"Loh! Vinacheza!"

Akamgeukia yule wa bucha. "Bwana, rudisha kisu chako."

Nikamchoma Madam dawa ya nagana. Haikupita muda akasimama, akaanza na maringo yake.

Funzo: pima kwanza, ndipo uchome. Na kifaa bora ni kile kinachojibu swali lako, hata kama ni cha bei chee.

Juzi ng'ombe wa jirani kaugua. Mzee kamzuia asimchome kitu: "Subiri, binti yangu aje achungulie."

Wafugaji wa jirani na hifadhi, nyie mnapima au mnachoma tu? Semeni, nawasoma hapa huku nakunywa chai ya maziwa ya Madam.