Mwewe Aliyetua Upande Wangu

Nyumba ya vigae ninayoishi hapa Moshi nimeijenga kwa jasho la Dubai, na kule nilikwenda na stashahada ya wanyamapori, si mikono mitupu. Basi arbab, yaani tajiri wangu wa Kiarabu, aliponikabidhi lango la shamba lake jangwani, nililishika kisomi.

Mwezi kabla sijarudi, mzee mmoja Mwarabu alisimamisha gari langoni akihema. Mwewe wake wa kuwindia alikuwa ametua ndani na njiwa kuchani.

"Fungua, mwanangu, nitampoteza!"

"Sir, hii ni mali ya mtu. Huwindi bila kibali."

Nikamsomesha sheria mpaka mwewe akaruka na kutoweka. Mzee akaketi mchangani. Mimi nikampigia arbab kwa fahari: "Sir, nimekamata jangili!"

Arbab alifika, akambusu mzee pua kwa salamu ya heshima ya kwao, kisha akanigeukia.

"Anayefuata ndege wake hapa ni mgeni wangu, tangu enzi za babu. Lango ni la kuzuia ngamia. Watu nilikuajiri uwafungulie!"

Nikalifungua lango.

"Mwache," mzee alisema akijipangusa macho. "Huenda kwao yeye ndiye aliyezoea kufungiwa malango. Yalla, kijana, panda gari tukamtafute mwewe."