Mkwe Juu ya Paa la Mama

Kiangazi cha mwaka juzi kilimtoa mama yangu ndani ya nyumba yake. Hakuhama, ila kila siku jua likishapanda alibeba kiti chake akatoka nje, akaanza kuizunguka nyumba akifuata kivuli. Asubuhi alikaa upande wa jikoni, mchana akahamia nyuma karibu na zizi, na jioni alikuwa amefika upande wa mbele, amechoka kana kwamba alitembea safari. Nilipompigia simu alisema yuko sawa, lakini jirani yake aliniambia kwamba hata usiku mama hulala mlango ukiwa wazi, na hilo lilinitia wasiwasi.

Mama anaishi Lumakanda, katika shamba ambalo babu yangu aligawiwa wazungu walipoondoka. Nyumba aliijenga baba kabla sijazaliwa. Ni ya matofali, imara, lakini mabati yake yako chini na haikuwahi kuwekwa dari. Ukikaa sebuleni mwezi wa Januari unasikia mabati yakilialia juu yako, na joto linakushukia kichwani kama umesimama mbele ya jiko.

Mtu mwingine angemleta mama yake mjini mpaka jua lipungue. Mimi na mume wangu tunaishi Kakamega, na tuna chumba cha wageni. Lakini mama yangu ni wa mila. Hawezi kulala katika nyumba ya mkwewe, na hawezi kuzungumza na mkwewe ana kwa ana. Mume wangu akifika kwa mama hukaa sebuleni, mama akabaki jikoni, na chakula nakipeleka mimi. Wenzake wengi kanisani waliacha mambo hayo zamani, wakwe zao huwakumbatia wakiwasalimia. Mama huwatazama akatikisa kichwa, halafu akaendelea na mila zake.

Kwa hiyo ilibidi nyumba itengenezwe. Kaka yangu, mtoto wa kiume pekee, anafanya kazi Mombasa. Kila Disemba huahidi kushughulikia paa, na kila Disemba hufika nyumbani akala, akalala, akarudi kazini amenenepa. Safari hii mume wangu alisema hatutamngoja. Yeye ni mwalimu wa fizikia, na hakuna jambo linalomfurahisha kama nyumba yenye kasoro. Shule zilipofungwa mwisho wa mwaka alitandaza karatasi kubwa juu ya meza yetu akaanza kuchora.

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba alikuwa anachora nyumba asiyoijua. Tumeoana miaka mingi, lakini hajawahi kupita sebule ya mama. Aliniuliza chumba cha kulala kina upana gani, dirisha linatazama wapi, ukuta umefika juu au umeishia njiani. Nilimwambia ni chumba cha kawaida tu. Akanitazama kama anavyowatazama wanafunzi wake. Ilibidi niende Lumakanda na futi ya kupimia, nikazunguka vyumba vyote nikimsomea vipimo kwenye simu, huku mama akinifuata nyuma akitaka kujua kwa nini mtu wa Kakamega anahitaji kujua urefu wa kitanda chake.

Baada ya hapo tukaenda wote wawili kujadiliana naye. Mama aliketi jikoni, mume wangu akaketi nje chini ya ukingo wa paa la ghala, akiwa amegeuzia jikoni bega. Mimi nilisimama mlangoni, katikati yao. Walikuwa karibu kiasi cha kusikiana vizuri, lakini kila neno lilipaswa kupitia kwangu.

Mume wangu alieleza kwamba kwanza tungebadilisha mabati ya juu ya sebule yaliyoshika kutu, kisha tuweke dari, tutoboe matundu ya hewa juu ya madirisha, na mwisho paa lote lipakwe rangi nyeupe, kwa sababu nyeupe hurudisha jua lilikotoka. Mama alikubali yote mpaka kwenye rangi.

"Mwambie paa nyeupe iko kama ya zahanati," alisema. "Watu watakuwa wanakuja hapa na watoto wanakohoa."

"Mwambie mama nyekundu hunywa joto," alisema mume wangu kule nje.

Nikamgeukia mama nikaanza kumwambia kwamba nyekundu hunywa joto, akanikatiza kwamba amesikia, yeye si kiziwi. Nikawauliza basi mimi nasimama hapa kufanya nini. Waliendelea hivyo hivyo, neno likienda na kurudi, nami nikageuza kichwa kama mtu anayetazama mpira. Mwishowe mama alikubali rangi nyeupe kwa sharti kwamba milango na madirisha yapakwe nyekundu, ili mgeni akifika ajue ni nyumba ya mtu. Mume wangu aliandika hilo kwenye mchoro wake na kulipigia mstari.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mama hakuwa na mjadala nalo. Mkwe asipande juu ya paa. Kwake, mwanaume aliyemwoa binti yake akipanda juu ya nyumba yake ni sawa na kumpanda yeye kichwani. Mume wangu alikubali bila kusita. Tukamtafuta fundi wa pale pale, jirani wa boma la tatu, kijana mtulivu mwenye mikono mizuri, na kazi ikaanza kabla mvua za vuli hazijaisha. Mume wangu alikuwa anaketi chini na mchoro wake akielekeza, fundi akiwa juu. Kila mtu alikuwa mahali pake.

Siku ya pili fundi alibandua mabati yote mabovu juu ya sebule. Mbingu zikaonekana kutoka kwenye kochi. Hapo simu yake ikalia. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake, na alikuwa amepelekwa hospitali. Fundi alishuka ngazi akamkabidhi mume wangu nyundo. Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia aende, tena akamfungia maembe kwenye mfuko ampelekee mkewe. Pikipiki ikamchukua, tukabaki watatu tukilitazama lile tundu.

Ilikuwa wakati wa kuvuna. Mama huweka mahindi yake sebuleni, kwa sababu ghala lake lina panya, na magunia yalikuwa yamepangwa pale mpaka kwenye madirisha, mahindi makavu, yaliyokwisha kupukuchuliwa, chakula cha mwaka mzima na karo ya wajukuu wawili. Turubai lilikuwa shambani limefunika yale ambayo hayajaletwa. Na upande wa mji wa Turbo mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, meusi chini, ya aina ambayo haitishii tu.

Tulianza kuyahamisha magunia kuyapeleka chumbani. Mume wangu aliyafikisha mpaka mlango wa chumba cha mama, akaweka chini, akasimama. Hapo ndipo mwisho wake. Mimi na mama tuliyavuta kutoka pale, gunia moja kwa wakati, na tulipopumzika kidogo nilihesabu kwa macho nikaona hatutaweza hata nusu. Nikapiga simu kwa majirani. Kila mmoja alikuwa shambani kwake akikimbizana na mvua hiyo hiyo.

Nikaamua kupanda mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha kukaza leso kiunoni na kuweka mguu kwenye ngazi mama aliponishika mkono. Mwanamke juu ya paa, alisema, ni vibaya kuliko mkwe. Nikamuuliza sasa mahindi yafanyeje. Upepo ulikuwa umeanza kuinua vumbi uani, na kuku wote walikuwa wameshaingia bandani.

Mume wangu alikuwa amesimama karibu na ghala, ameinamisha kichwa. Nilijua nyundo ilikuwa mkononi mwake na nilijua hataiinua bila kuambiwa. Nilikasirika kwa ajili yake na kwa ajili ya mama pia, na sikujua nimkasirikie nani.

Kisha mama akajifunika kichwa kwa leso yake. Akatoka kwenye mlango wa jikoni, akapita mbele yangu, akaenda akasimama mbele ya mume wangu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumtazama usoni tangu siku ya harusi yetu.

"Mkwe wangu," alisema, "panda."

Mume wangu alinigeukia mimi. "Mwambie mama kwamba..."

"Nimekuambia wewe," alisema mama. "Panda. Mimi nitashika ngazi."

Akapanda. Mama aliishika ngazi kwa mikono yote miwili, mguu mmoja ameuweka kwenye kipago cha chini, na mimi nikawa nampa mume wangu mabati mapya moja baada ya jingine. Matone ya kwanza yalianguka akiwa amefika katikati. Sikuwahi kumwona akifanya kazi kwa kasi vile. Na mama, ambaye hakuwa amemwambia neno moja kwa miaka yote hiyo, ghafla alikuwa na maneno tele. Alimwambia msumari ule umepinda, aung'oe. Alimwambia ashike mbao, asishike bati, litamkata. Alimwuliza kama amekula. Mume wangu alijibu kutoka juu, ndiyo mama, sawa mama, nimeona mama, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia kucheka.

Bati la mwisho lilipigiliwa mvua ikiwa imeshika kweli. Tuliingia sebuleni sote tumelowa chepechepe, tukasimama kati ya magunia tukitazama juu. Maji yalikuwa yamepata pembe moja tu ya gunia moja. Mama alilipapasa, akasema hilo ndilo tutakaloanza kula kesho, akaenda kuwasha moto.

Fundi alirudi siku iliyofuata akiwa na macho mekundu ya kukosa usingizi na habari za mtoto wa kike. Alipanda juu akakagua kazi ya mwalimu, akasema imeshika, ila misumari ni mingi kuliko inavyohitajika. Mume wangu alisema alikuwa anapigilia kwa woga. Kuanzia hapo kazi iliendelea kama mchoro ulivyotaka. Dari ikawekwa, matundu yakatobolewa, paa likapakwa nyeupe, na milango ikang'aa wekundu kiasi kwamba ng'ombe wa jirani walisimama kuitazama.

Kuhusu lile jambo la mkwe kupanda, mama hakutaka libaki hivi hivi. Alimwita shangazi yangu aje kuwa shahidi, akachinja kuku, ingokho wa kienyeji aliyekuwa amemfuga kwa ajili ya Krismasi, akasonga obusuma, ugali mkubwa wa kwetu. Chakula kikaandaliwa sebuleni, na mama akaketi humo humo, pembe ya mbali, na sahani yake mapajani. Firigisi, kipande cha mwanaume anayeheshimiwa, aliiweka kwenye sahani ya mume wangu kwa mkono wake. Shangazi alisema maneno machache kwa lugha yetu, kwamba nyumba imefunguka, na kwamba aliyeizuia mvua si mgeni tena. Mume wangu alikula akiwa ameinamisha macho. Aliniambia baadaye kwamba hakuhisi ladha ya chochote kwa sababu ya kuogopa kudondosha kipande.

Januari jua lilikuja kama kawaida yake. Tulienda kumtazama mama, na nilitarajia kumkuta nje. Uani hapakuwa na mtu. Tulisikia vicheko ndani, tukaingia, tukakuta sebule imejaa wanawake. Majirani walikuwa wameketi sakafuni na juu ya magunia, kila mmoja ameleta kazi yake, huyu anachambua maharagwe, yule anashona sweta, na mke wa fundi alikuwa kwenye kochi akimnyonyesha mtoto. Kulikuwa na ubaridi mzuri, ule wa chini ya miti mikubwa.

Mama alimsogezea mume wangu kiti akaanza kumlalamikia kwamba wanawake hawa huja kila mchana tangu waligundue paa lake, wamemaliza majani ya chai na sukari, na jioni huondoka wakilalamika joto la kwao. Mume wangu alimwuliza kama angependa tuwaambie wasije.

"Wacha wakae," alisema mama. "Huko nje ni moto."