Kumkaba Mpokeaji Hatari si Kazi ya Mtu Mmoja

Watu hupenda kuuliza kama beki bora wa pembeni anaweza kumzuia mpokeaji hatari mechi nzima. Wanaouliza huwa wameketi. Mimi nilikuwa nimesimama, Jumapili, matope mpaka magotini, maziwa yakinivuja chini ya pedi za mabega kwa sababu mtoto alikuwa na miezi kumi na saa yake ya kunyonya ilikuwa imepita.

Nazungumzia mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na kugongana. Timu yetu ni ya wanawake, iko hapa hapa Birmingham, na kila mtu ana kazi nyingine ya kumlisha. Mpokeaji kazi yake ni kukimbia mbele na kudaka mpira anaorushiwa. Beki wa pembeni kazi yake ni kuhakikisha hadaki. Basi. Ukifanya kazi hiyo vizuri, mrushaji anatazama upande wako, anaona umemganda mtu wake, anarusha kwingine. Hakuna kinachotokea. Mume wangu alikuja siku moja kuniangalia, akasimama pembeni na gari la mtoto, na tulipokuwa tukirudi nyumbani Nechells akaniambia, "Lakini sikukuona ukishika mpira hata mara moja."

Ningemjibu tungeshuka kwenye basi tukiwa tumeachana.

Mama yake ndiye alikuwa na maneno zaidi. Wao ni watu wa Uvira, Kongo, na mama mkwe anakaa Bordesley Green, na kila Jumamosi nilimpelekea mtoto ili Jumapili nisiulizwe yuko wapi.

"Mama mutu anavaa kofia ya pikipiki," alisema, akimpokea mtoto, "anaenda kupigana na banamuke benzake siku ya Mungu!"

"Si kupigana, Mama. Ni mchezo."

"Muchezo gani unarudi na damu ku mudomo?"

Halafu akacheka, na mimi nikacheka, lakini ndani nilikuwa nimeshika moto. Mtoto wake wa kiume, huyo mume wangu, anacheza mpira wa kawaida kila Alhamisi na hakuna aliyewahi kumuuliza Mungu anasemaje.

Sasa, wiki mbili kabla ya mechi ninayoisimulia, kocha wetu alinivuta kando baada ya mazoezi. Akaniambia tunakutana na timu yenye mpokeaji bora kuliko wote tuliowahi kucheza nao, jezi kumi na moja, na kwamba atakuja mama mmoja anayechagua wachezaji wa kambi ya majaribio ya timu ya taifa. "Ukimzuia yule," alisema, "wanakuita." Hakuongeza kitu. Sikuhitaji aongeze. Tangu nijifungue sikuwa nimeitwa mahali popote isipokuwa kliniki.

Nilimsoma yule mwanamke kama mtihani wa Form Four. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, mtoto kiunoni, mkono mmoja kwenye sufuria, naangalia video za mechi zake. Beki hatazami macho ya mpokeaji. Macho yanadanganya, kichwa kinadanganya, mabega ndiyo waongo wakubwa. Unatazama kiuno, maana kiuno hakiwezi kwenda upande mmoja na mtu akaenda mwingine. Yule kiuno chake kilikuwa kimetulia kama cha mtu anayesubiri foleni, halafu ghafla hayupo. Nilirudisha video nyuma mpaka mume wangu akauliza kama nimempenda.

Lakini hakuna beki anayefanya kazi ile peke yake. Nyuma yangu alikuwepo beki wa mwisho, dada wa Kihindi ambaye wazazi wake walitoka Kisumu. Mchana anachomelea pete na mikufu kwenye karakana ya mjomba wake huko Hockley. Kiswahili chake alikipata jikoni kwa bibi yake, kwa hiyo kimejaa amri: leta, ondoka, nyamaza. Siku ya kwanza nilipomsikia akitukana kwa Kiswahili baada ya kukanyagwa kidole, nilijua tutaelewana.

Tukaanza kuongea Kiswahili uwanjani. Ilikuwa silaha yetu. Mabeki wengine wanapigiana kelele kwa Kiingereza na wapinzani wanasikia mpango wote. Kwetu yeye alipiga kelele "Niko nyuma yako!" na hakuna aliyejua kitu. Maana yake ni kwamba mimi nikae kati ya mpokeaji na mrushaji, nizibe mipira mifupi, na hata mpokeaji akinipita hatua mbili nisihangaike, kwa sababu huko anakokimbilia kuna mtu. Akisema "Uko peke yako!" basi narudi nyuma na kumlinda asinipite kabisa. Kocha alituachia tuamue wenyewe. Hakuelewa neno hata moja na alipenda hivyo hivyo.

Siku yenyewe mvua ilinyesha ile ya hapa, isiyonyesha wala kuacha. Mume wangu alikuja na mtoto kwa sababu siku hiyo mama yake alikataa kuacha kanisa kwa ajili ya helmeti yangu. Yule mama wa timu ya taifa alisimama karibu na mstari, koti la kijani, mikono mfukoni. Nilimwona na nikajikataza kumwona tena.

Mpokeaji alikuwa mrefu, mpole, akanisalimia kabla hatujaanza. Hilo liliniudhi zaidi ya tusi.

Mara ya kwanza alinipita na nikamfikia, nikaupiga mpira ukaanguka. Mara ya pili nilimbana mpaka akateleza. Baada ya hapo mrushaji wao akaacha kututazama. Robo nzima ya mchezo, na nyingine, mpira ukaenda upande wa pili, na mimi nilikimbia na yule mwanamke huku na huko kama watu wawili waliofungwa kamba moja, na hakuna kilichotokea. Wakati wa mapumziko nilimnyonyesha mtoto kwenye benchi, pedi nimezisukuma juu, mvuke unanitoka mwilini. Mume wangu akauliza, "Mbona hawakurushii?"

"Ndiyo maana yake!" nikamwambia. "Hawarushi kwa sababu yangu!"

"Sawa, sawa. Usinipigie kelele mbele ya watu."

Mpokeaji alipopita kurudi uwanjani aliniambia, "Wewe ni mchoshi kweli." Nilifurahi. Ndilo neno zuri kuliko yote niliyoambiwa mwaka huo.

Tulikuwa tunaongoza, zimebaki dakika chache. Wakajipanga. Nyuma yangu nikasikia, wazi kabisa, "Niko nyuma yako!" Nikakaa kati ya mpokeaji na mrushaji, kama tulivyokubaliana. Akaondoka, akanipita hatua mbili, nikamwacha apite. Mrushaji wao alijifanya kumkabidhi mpira mkimbiaji, yule wa kuubeba mkononi na kupenya katikati, na dada yangu wa Hockley, aliyekuwa nyuma yangu, akaamini, akakimbia mbele kumkamata mtu asiye na kitu. Nikasikia hatua zake zikinipita zikielekea upande usiofaa. Nikageuka, nikakimbia kama sijawahi kukimbia. Mpira ukapita juu ya vidole vyangu. Mpokeaji akaudaka, akavuka mstari peke yake. Kila aliyekuwepo aliona kitu kimoja: mimi, hatua mbili nyuma yake.

Tukafungwa.

Kwetu hatunyoosheani vidole uwanjani. Sikunyoosha. Tulipotoka, kocha akauliza mbele ya wote, "Nani alikuwa wa nyuma pale?" Nikamtazama dada yangu. Alikuwa anafungua kamba za kiatu kimoja, polepole sana. Kocha akanigeukia mimi. "Umemwacha apite."

"Niliambiwa kuna mtu nyuma."

"Na nani?"

Nikasubiri. Kamba za kiatu zilikuwa bado zinafunguliwa.

Basi nikafanya jambo ambalo beki hafanyi: nikamfuata yule mama wa koti la kijani mpaka kwenye gari lake. Nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, nakubali. Akasema alisikia kelele nyingi kutoka kwetu mechi nzima lakini hakujua tunasema nini, kwa hiyo hawezi kuandika kile asichokielewa. "Naweza kuandika nilichoona," akasema. Nilitaka kumwambia aulize yeyote. Nikakumbuka hakuna yeyote. Watu waliojua maana ya maneno yale uwanjani walikuwa watatu, na mmoja alikuwa mume wangu, aliyekuwa anabadilisha nepi nyuma ya gari la mtu.

Siku tisa baadaye majina yalitoka. Mpokeaji alikuwemo. Beki wetu wa mwisho alikuwemo. Niliyasoma mara mbili kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu, kama vile jina langu lingekuwa limelala huko kati.

Dada yangu wa Hockley alinipigia siku hiyo hiyo. Nilikuwa naanika nguo za mtoto kwenye hita.

"Dada, nilitaka ulisikie kutoka kwangu."

"Nimeshasoma."

"Nilidanganywa na yule mkimbiaji. Kweli nilifikiri ana mpira."

"Hilo najua. Kila mtu hudanganywa. Uliwaambia?"

Nikasikia mashine ya karakana ikizunguka nyuma yake.

"Wangeniondoa," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe ungesema?"

Ningesema. Nilimwambia hivyo, na mengine ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mtoto atasoma siku moja. Alilia. Sikumbembeleza. Nilikuwa na mtu mmoja wa kubembeleza na alikuwa sakafuni anatafuna soksi.

"Jumapili utakuja?" akauliza mwishoni.

"Nitakuja. Usinisemeshe."

Kwa hiyo mkiniuliza kama beki bora anaweza kumzuia mpokeaji hatari, jibu ni ndiyo, nilimzuia, na haikunisaidia kitu. Mpokeaji anahitaji kushinda mara moja. Wewe unahitaji kushinda kila mara, na bado unahitaji mtu wa nyuma, na bado unahitaji huyo mtu aseme ukweli akiwa amevua viatu.

Jumapili nilikwenda. Tulicheza na timu dhaifu, mpokeaji wao hata mbio hana. Nyuma yangu hapakutoka neno, na mimi sikugeuza shingo kuuliza. Walipita katikati yetu mara nne kama mlango uliosahauliwa wazi. Kocha alitusimamisha wawili kwenye mvua akauliza kuna nini kati yetu.

Tukamwambia hakuna kitu.