Waitaji na Waitikiaji wa Mama Paulina

Mama Paulina alikuja Johannesburg na mtoto mgongoni, akimfuata mumewe Msauzi aliyekutana naye Morogoro enzi za wapigania uhuru. Mume amekwisha kufa. Yeye amebaki hapa mtaani Rosettenville, anashona sare za shule, na Jumamosi mchana anatufundisha ngoma katika ukumbi wa kanisa. Tuko Wakongo, Watanzania, na watoto waliozaliwa hapa, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu kwa Kizulu.

Ngoma yetu ina mistari miwili inayotazamana. Mmoja unaanza kwa kukanyaga kwa kishindo na kuruka. Wa pili unajibu kwa mabega. Miaka yote Mama Paulina alikuwa akiita, "Wanaume!" kisha, "Wanawake!"

Shida ni kwamba wanaume wetu wengi ni walinzi, na Jumamosi wako kazini. Basi Thérèse, msusi mwenye miguu ya nguvu, akasimama mstari wao. Kila ilipoitwa "Wanaume!" watoto walicheka, naye akakosea hatua. Gustave naye, mlinzi aliyegongwa na gari gotini, alikuja kukaa kwenye benchi tu. Kuruka hawezi.

"Baba Gustave, ingia mstari wa pili," Mama Paulina alimwambia.

"Nisimame na bamama? Apana, mama. Batu batanicheka," alijibu kwa Kiswahili chake cha Kongo.

Mama Paulina hakubishana naye. Jumamosi iliyofuata alisimama mbele yetu akasema, "Kuanzia leo siiti wanaume wala wanawake. Huku ni waitaji, kule ni waitikiaji. Kila mtu asimame pale mwili wake unapoweza."

Mussa, fundi magari aliyekuwa naye tangu kikundi kinaanza, hakupendezwa. "Mama, hii ni mila. Ngoma ni mume na mke. Ukiondoa hilo kinabaki nini?"

"Zinabaki hatua, Mussa. Sijaondoa hata moja." Akaongeza, "Mume wangu nilicheza naye ngoma hii. Alipokufa nilikaa chini, eti sina mwanaume wa kuniita. Nilikaa mpaka nikachoka kukaa. Sitaki mwingine akae."

Mussa alichukua kofia yake akatoka. Mama Paulina aliutazama mlango muda mrefu, na tuliona kabisa kwamba imemuuma. Kisha akageuka, akapaza sauti: "Waitaji!"

Thérèse akakanyaga, mbao za sakafu zikatetema. Hakuna aliyecheka, cha kuchekesha hakikuwepo tena.

"Waitikiaji!"

Pale benchini mabega ya Gustave yalikuwa yameshaanza yenyewe. Akainuka polepole, akishika ukuta, akaenda kusimama kando ya Marthe, mchezaji wetu mkongwe. Marthe alisogea kumpa nafasi, wakajibu pamoja. Nasema kweli, sijaona mtu anayejibu kwa mabega kama Gustave.

Haikuwa rahisi. Mara nyingi ulimi wa Mama Paulina uliteleza, "Wana—", watoto wakamsahihisha kwa kelele, naye akacheka na kuwashukuru.

Mussa alikosekana majira yote ya baridi. Septemba alirudi bila maelezo, akasimama kwa waitaji. Mpaka leo anaitaja safu yake "wanaume", hata Thérèse akiwa ubavuni pake.

"Umkataze basi," Thérèse alilalamika.

"Mwache," alisema Mama Paulina. "Amerudi. Jumamosi ijayo njoo mapema, nataka uongoze mstari huo wewe."